Mistari Mitano Nyuma ya Mlango wa Stoo

Ofisini walimwita Sikio, na jina likamkaa mpaka kwenye orodha ya zamu. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za Bunge na kuziandika neno kwa neno, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Neno ambalo mwandishi hakulipata liliandikwa "haisikiki" ndani ya mabano, na Sikio alikuwa hajawahi kuliandika. Mbunge azungumze huku anatafuna, wawili wabishane kwa mpigo, yeye alirudisha rekodi kwa mguu, kwenye pedali iliyo chini ya meza, mpaka neno likajitokeza. Wenzake walimtania kwamba angeweza kuandika hata alichotaka kusema mtu aliyenyamaza.

Miaka arobaini na miwili baada ya vita, Bunge liliunda kamati ya kuandika aya moja ya kitabu cha shule: nini kilisababisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aya moja tu, lakini waliizunguka miezi saba. Mheshimiwa mmoja alisema ni mataifa ya nje, yaliyotuonea wivu. Wa pili alisema ni ukame. Wa tatu, ambaye chama chake ndicho kilichokuwa madarakani wakati ule, aliomba neno "vita" liondolewe liwekwe "machafuko", na siku mbili nzima ziliishia hapo. Walichokubaliana wote ni kwamba vita "vilizuka", kama uyoga baada ya mvua, bila mkono wa mtu.

Baadaye kamati ilizunguka kwenye kumbi za umma kukusanya maoni ya wananchi. Sikio alitegemea kusikia jipya. Wapi! Wananchi walisema ni wanasiasa, ni redio, ni vijana wa upande wa pili. Kinyozi mmoja alisema ni shetani, akapigiwa makofi. Alipofika ukurasa wa mia nne, Sikio aligundua jambo lililomfanya avue hedifoni na kuutazama ukuta. Katika kurasa zote hizo watu walikuwa wamesema "wale" na "wao". Hakuna hata mmoja aliyesema "mimi" kwa habari ya alichokifanya. Ilikuwa kana kwamba vita vile vilipiganwa na watu ambao hawakuwepo.

Rekodi ya arobaini na moja aliianza asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Shahidi alikuwa bibi mwenye sauti kavu, isiyo na haraka.

"Mimi chanzo cha vita vya nchi sikijui, mheshimiwa," alisema. "Najua cha nyumbani kwetu. Jirani alikuja kuazima ngazi."

Ukumbini walicheka kidogo. Bibi aliendelea kama hakusikia. Mumewe alimpa jirani ngazi, akamsaidia hata kuibeba. Siku ya tatu bibi mwenyewe alimpeleka kitinda mimba wake kliniki, akarudi saa saba mchana. Mlango ulikuwa wazi. Chakula kilikuwa mezani, bado kinatoa mvuke, na viti vimerudishwa nyuma vizuri, kama watu walioinuka kwa adabu. Ngazi yao ilikuwa uani, imeegemezwa ukuta wa ua kwa ndani, kama kuna walioruka ukuta wakaishukia. Mumewe na watoto watatu hawakuonekana tena, wala nguo, wala kiatu.

Mwenyekiti wa kamati alikohoa. "Mama, tunaomba urudi kwenye chanzo."

"Ndiko niliko, mwanangu."

Akaieleza nyumba. Vidato vitatu mlangoni. Kigae kimoja karibu na sinki ambacho ukikikanyaga kinalia kama kuna uwazi chini yake. Mkono wa Sikio ulisita juu ya kibodi, kwa sababu kigae cha namna hiyo alikikanyaga kila asubuhi. Alijiambia kwamba vigae vibovu mjini viko tele. Bibi alisema nyuma ya mlango wa stoo mumewe alichora kwa msumari mistari ya urefu wa watoto.

"Mistari ilikuwa mitano. Minne ya wanangu. Wa tano, wa chini kabisa, wa binti wa jirani huyo huyo. Alikuwa anashinda kwetu. Alilia mpaka naye akapimwa. Tulikuwa tunamwita Kifaranga."

Sikio alikanyaga pedali, akarudisha. Kifaranga. Akarudisha tena. Duniani alibaki mtu mmoja tu anayemwita hivyo, mama yake mzazi. Alipoisikiliza mara ya tatu ilimjia kwamba sauti ile haisemi na kamati tena. Imegeuka, inasema naye, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto usingizini.

Alipoinua macho, katibu wa kamati alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua amesimama hapo tangu lini. Katibu alimsalimia kwa upole, akauliza kama ameshafika arobaini na moja, kisha akasema mwenyekiti anaona sauti ya sehemu ile si nzuri.

"Ni nzuri," Sikio alisema.

"Dada, nakwambia si nzuri. Andika haisikiki, tuendelee na kazi."

Mchana ule ule aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa amelala chumbani. Sikio alichukua kisu cha mezani, akaingia stoo, akarudishia mlango, akaanza kukwangua rangi nyuma ya mlango. Rangi ilikuwa nene ajabu, tabaka juu ya tabaka, nyeupe, kijivu, krimu, nyeupe tena. Chini ya zote, kidole chake kiligusa mkwaruzo. Akakwangua kwenda juu. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Akachuchumaa, akautafuta wa tano, akaukuta usawa wa macho yake.

Mlango ulivutwa. Mama yake alisimama pale na khanga ya kulalia, akatazama maganda ya rangi sakafuni. Hakuuliza anafanya nini.

"Nimepaka mara kumi na nane," mama alisema. "Mvua zikija, inatokea."

Sikio alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba wenye nyumba walihama wakati wa vita, na serikali ikampa baba yake karatasi ya nyumba.

"Mama, ngazi ilikuwa ya nini?"

Mama aliutazama mstari wa tano.

"Baba yako aliniambia ni ya kurekebisha paa. Nilijua paa letu halivuji. Nikampisha apite nayo." Akajishika kwenye fremu ya mlango. "Mimi nilijua."

Sikio alibaki amechuchumaa na kisu mkononi. Baba alikuwa kaburini mwaka wa tisa, na yeye hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Kesho yake aliandika rekodi ya arobaini na moja yote, kigae, ngazi na Kifaranga. Aliweka saini yake mwishoni, na wiki mbili baadaye akahamishiwa chumba cha kujalidi, kushona kurasa za wenzake. Kamati ilimaliza kazi. Aya ikatoka na mistari saba, ndani yake vita vilizuka kutokana na sababu mbalimbali. Ushahidi wa bibi ukawekwa maktaba ya Bunge, juzuu ya tatu, na hakuna aliyeuomba.

Anwani ya bibi ilikuwa kwenye fomu ya mashahidi. Sikio alikaa nayo mkobani mwezi mzima kabla hajamwambia mama. Mama alimsikiliza, akaingia kuoga, akatoka amevaa nguo za kutokea.

"Nipeleke."

Bibi alikuwa akiishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya magodoro. Aliwafungulia mwenyewe. Alimtazama Sikio kwa muda, kuanzia miguuni kwenda juu, kisha akamtazama mama, na hakuonyesha mshangao. Akamwambia Sikio angoje nje.

Alingoja kwenye benchi la karakana kwa muda wa karibu saa tatu. Pamba ilipeperuka hewani, mafundi walipiga stori zao, na ndani ya chumba kile hamkutoka sauti. Hapakuwa na kilio wala kikombe kuwekwa mezani. Mara moja alisogea mpaka mlangoni, mkono tayari kwenye kitasa, akaogopa, akarudi kukaa.

Mama alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyetua mzigo akakuta mgongo umeshazoea kuinama. Walipokaribia nyumbani alimshika Sikio mkono.

"Hataki nyumba," alisema. "Amesema niende tena Alhamisi."

"Utaenda?"

"Amesema Alhamisi zote."