Goli Bila Msasa

Kamanthe alikuwa mpiga msasa katika banda letu la wachongaji pale Wamunyu, na kwa wazimu wa mpira hakuwa na mwenzake. Alizaliwa Masii, akaolewa kwetu. Kwa hiyo kila siku iliyofuata Krismasi, timu za Wamunyu na Masii zikikutana, adui yake alikuwa kaka yake wa damu, Kilonzo, muuza mbuzi. Desturi ilikuwa moja: mashabiki walioshindwa huchoma nyama na kuwahudumia walioshinda. Miaka sita mfululizo Kamanthe alisimama na sinia mbele ya Kilonzo, huku Kilonzo akijichokonoa meno. Mwaka huo wa 1998 aliapa kwamba lazima ale ameketi.

Masii walicheza kisoko, kama wachuuzi. Wote waliukimbilia mpira kama mteja mwenye pesa, kelele tele, na hata refa walimbembeleza apunguze kadi. Sisi tulicheza tunavyochonga. Bandani, twiga mmoja hupita mikononi mwa watu wanne: wa kukata, wa kuchonga, wa msasa, na mwisho Titus wa polishi. Bila Titus kazi haitoki. Uwanjani vilevile, pasi juu ya pasi mpaka mpira umfikie Titus. Mchezo wetu ulipendeza ajabu! Shida ilikuwa magoli.

Dakika ya mwisho ilikuwa bado sufuri kwa sufuri, na sare ilihesabiwa ushindi wa Masii, kwa kuwa ndio mabingwa wa mwaka uliotangulia. Ghafla kipa wao akateleza, akaanguka. Ndunda, mkata magogo wetu, akabaki na mpira hatua tatu tu kutoka goli tupu. Naye akageuka nyuma. Naapa, aligeuka kumtafuta Titus!

"Ndunda, piga!" Kamanthe alikuwa ameshaingia uwanjani, leso mkononi.

"Titus bado hajaguza!"

"Toa hivyo hivyo bila polishi! Mimi wa msasa nimekubali!"

Ndunda akafumba macho, akarusha mguu. Mpira ukamgonga ugoko, ukadunda mara tatu, ukaingia golini kwa uvivu. Sijawahi kuona goli baya kama lile, na nalipenda mpaka leo. Filimbi ikalia. Tulirukaruka, tukakumbatia hata watu tusiowajua. Wazee wa banda peke yao walinung'unika kwamba kazi haikuisha, na Ndunda, maskini, akapita akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Kamanthe alikuwa ameshaketi. Kilonzo akaja na sinia, uso umemvimba.

"Kula, mwiitu wa mwaitu," akasema, jina ambalo Mkamba humwitia dadake.

Kamanthe alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi Kilonzo ampige mgongoni. Kisha akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Wacha nisimame," Kilonzo akasema. "Wewe umesimama miaka sita."

Ndipo Kamanthe akalia, huku bado anacheka, mdomo umejaa nyama.