Kaburi la Babu Kwenye Mahame ya Kigwa

Mimi niliishia darasa la tatu. Nyumba yangu ya bati nimeijenga kwa matofali niliyofyatua mwenyewe, kwa hiyo atakayeona nimeandika vibaya na asome hivyo hivyo.

Babu yangu alikuwa Mzaramo. Alitoka pwani zamani za misafara, akalowea Kigwa. Nyumbani tulifundishwa kwamba alikuja na bidhaa zake, mfanyabiashara. Nami nilitambia hilo sokoni Tabora miaka mingi.

Ilipokuja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa tuliacha mji wetu, ukawa mahame, nyasi zikafunga njia. Baadaye baba akaugua. Hospitali ya Kitete wakamrudisha nyumbani. Uzee hauna sindano. Akaniambia, "Nataka kulala ubavuni kwa baba yangu. Nenda ukalitafute kaburi."

Kaburi halikuwa uani kwetu. Baba aliachwa tumboni, na mama yake hakupenda kulitaja. Aliyebaki kulijua ni bibi mmoja Mnyamwezi, ambaye baba yake ndiye aliyelichimba. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu njia ya misafara. Mtani ndiye anayekuzika, na akikutukana hukasiriki.

Nilimkuta anamenya karanga. Nikavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtumwa wangu."

Nikamweleza shida yangu kwa adabu, nikaweka sukari chini. Akaivuta sukari ndani, akarudi kwenye karanga. "Silijui kaburi lenu."

Nilirudi tena, jibu likawa lile lile. Na tena. Safari hiyo miguu imenivimba, baba nyumbani hali tena uji. Adabu ikaniisha.

"Wewe bibi, baba yako alibeba pembe za ndovu mpaka shingo ikazama kifuani. Mtu wa hivyo achimbe kaburi? Si angelala humo mwenyewe."

Akaacha karanga, akanitazama.

"Kumbe una mdomo. Muda wote unaniongelesha kama karani wa serikali, nikadhani utani umeukana. Nyanyuka, kabla sijaghairi."

Tulikwenda polepole, yeye na fimbo yake, mimi na miguu yangu, tukapita mahame ya kwetu bila kusimama. Mbele kidogo, pembeni mwa njia ya zamani, akagonga lundo la mawe.

"Huyu hapa mfanyabiashara wenu. Alikuja na shanga za mtu mwingine kichwani. Ndui ikamshika, wenzake wakamtua hapa kama chungu kilichopasuka. Baba yangu akamwokota, akampa jembe, naye akaoa kwetu. Ndui haikumuua. Alikufa kwa uvivu. Akaomba azikwe hapa hapa alipookotwa."

Sikucheka. Niliumia. Lakini nyumbani nilimweleza baba yote, sikuficha. Alikuwa ameelekea ukutani. Nikadhani atakataa kulazwa na mpagazi.

"Ni mbali?" akauliza.

"Mbali, baba. Na njia imefunga."

"Wenzake walimwacha pale, naye akaomba alale pale pale. Labda alikuwa anawangoja."

Nikamsogezea maji, akayakataa kwa mkono.

"Basi mimi simngoji mtu. Nizikeni hapa karibu, mlipo. Msije mkachoka kunibeba."

Nikamwambia, "Nimetembea kote kule bure?"

"Si bure. Nilitaka kujua alipo. Nimejua."

Alikufa kabla ya mavuno. Yule bibi akaja kwa miguu, akajishusha kaburini, akakaa kitako akikataa kutoka. Akamtukana maiti: mvivu wa ukoo wa wavivu, hata kwenda kwa babaye ameshindwa. Watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi, maana mtani lazima ajibiwe. Nilitafuta neno kali nisilipate. Nikamwambia tu, "Toka, bibi, hilo si lako, lako litakuwa fupi, kwenu hamna shingo." Halikuwa tusi la maana. Akanionea huruma, akanipa mkono nimvute, tukamzika baba nyuma ya mstari wa nyumba za kijiji.