Usijisumbue, Shangazi

Jina lake la kwenye kitambulisho halikumsaidia mtu. Mji mzima ulimwita Pumba, kwa sababu mbili, na zote zilikuwa za kweli. Ya kwanza, alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya shangazi yake, na kila jioni alitoka humo na nyusi nyeupe, masikio meupe, na pumba za mahindi mpaka ndani ya soksi. Ya pili, alikuwa anachana mistari, na kwa wazee wengi wa mtaa ule hapakuwa na tofauti kubwa kati ya hip hop na kile kinachobaki baada ya kukoboa.

Alikuwa na umri wa kutosha kuwa na watoto wa shule, lakini hakuwa na mtoto wala mke, na chanzo kilikuwa sauti. Aliletwa kwa shangazi yake akiwa mdogo, baada ya kufiwa na baba, akakulia ndani ya kelele. Mtu aliyekulia kwenye mashine ya kusaga hajui kunong'ona. Alipomtaka uchumba binti wa duka la dawa alidhani anamwambia sikioni. Waliokuwa foleni wakasikia ombi, na waliokuwa ng'ambo ya barabara wakasikia jinsi alivyolipokea jibu. Misibani alipangiwa kazi za nje tu, za kubeba viti, maana pole yake ilikuwa inamshtua mfiwa.

Chumba cha mashine kilikuwa cha matofali yasiyopigwa plasta, dirisha moja la nondo, mizani mlangoni, na benchi la wateja lililolainishwa na makalio ya miaka mingi. Katikati ilikaa mashine yenyewe, mota upande huu, kinu upande ule, na kati yao mkanda mpana wa mpira. Mkanda huo ulikuwa umeungwa. Kila kiungo kilipopita juu ya gurudumu kiligonga: du-du-du-ka, du-du-du-ka. Na mahindi yakiwa mengi mdomoni mwa mashine, hiyo ka ilichelewa kidogo, kama mzee anayepanda ngazi.

Kiungo kile kilikuwa na historia yake, na aliyekuwa haijui ni mtoto mchanga peke yake. Mashine iliundwa na mume wa shangazi, fundi hodari kuliko wote mjini, ambaye watu walimwita Fundi tu, basi. Fundi alikuwa na huruma nyingi kwa redio za wajane. Alizitengeneza mpaka giza likaingia, na nyingine zilikuwa hata hazijaharibika. Shangazi alivumilia, akavumilia tena, halafu siku moja akamtolea begi lake barabarani pamoja na spana zote. Wiki iliyofuata mkanda ukakatika. Shangazi hakumwita mtu. Alikata kipande cha bati la kopo la rangi, akakikunja, akafunga bolti mbili kwa mikono yake, akawasha. Tangu siku hiyo mashine ilichechemea, na mteja yeyote aliyethubutu kushauri kwamba Fundi aitwe alirudishiwa mahindi yake kama alivyokuja nayo.

Juu ya kuchechemea huko ndipo Pumba alipojifunzia kuchana. Hakujua kama anajifunza. Alikuwa anamimina mahindi, anapokea unga, na kati ya debe na debe anatupia maneno ili siku iishe. Alichana kuhusu foleni, kuhusu mizani inayopunja, kuhusu mwenye nyumba anayekuja kudai kodi akiwa amejipulizia manukato. Wateja walicheka. Watoto waliobebwa mgongoni walitikisa vichwa kwa ile ka, wakalala.

Mji ule ulikuwa na marapa wengi kuliko wasikilizaji. Walivaa makoti mazito kwenye jua kali, na walichana kuhusu bahari, ndege za kukodi na madaraja ya juu, wakati daraja la pekee walilolijua lilikuwa la mbao na lilikuwa limeondoka na mvua. Wote waliiga lafudhi ya mji mkuu. Mkubwa wao alijiita Jenerali. Vita pekee alivyowahi kupigana Jenerali vilikuwa na jogoo wa jirani yake, na alishindwa, lakini kwenye nyimbo zake damu ilimwagika mpaka ikabidi kufagia.

Pumba naye alijaribu studio, chumba cha nyuma ya kinyozi kilichotundikwa mablanketi ukutani. Kila mara alifukuzwa. Biti ilikuwa imenyooka kama rula, na yeye alitoka nje yake kila mstari wa tatu, kama anayemsubiri mtu ambaye haji. Kijana wa studio alimwambia kwa upole kwamba hana masikio. Jenerali, aliyekuwa akinyolewa chumba cha mbele, alisema hilohilo bila upole wowote.

Kilichogeuza mambo kilikuwa simu ya mteja. Mama mmoja akiwa foleni alimrekodi Pumba akichana, akamtumia dada yake, dada akamtumia mwanawe, na kipande kile kikazunguka mpaka kikamfikia prodyuza mmoja aliyekuwa akipita mikoani kukusanya nyimbo. Mpango wake ulikuwa albamu moja, kila mji rapa mmoja, kila rapa wimbo mmoja. Kwa mji ule alikuwa ameshakubaliana na Jenerali. Aliposikia kile kipande akapiga simu, na hakuuliza kuhusu mchanaji kwanza. Aliuliza ile biti imetengenezwa na nani. Pumba akamwambia ni mashine ya shangazi. Prodyuza akasema atakuja Jumamosi asubuhi kurekodi palepale, mashine na mchanaji pamoja, kisha mchana anaondoka kwenda mji mwingine. Ikishindikana, nafasi inabaki kwa Jenerali. Na mtu asiguse kitu chochote, alisisitiza, hata buibui waachwe walipo.

Pumba aliutaka wimbo ule kuliko alivyowahi kumtaka binti wa duka la dawa. Hakulala vizuri. Lakini tatizo lilikuwa dogo na kubwa: huwezi kumwendea shangazi aliyekulea, aliyekuvusha utapiamlo na shule ya msingi, ukamwamuru asiguse mashine yake mwenyewe. Maneno hayo hayana njia ya kupita mdomoni. Kwa hiyo aliyalainisha. Alimwambia kwamba kuna wageni wanakuja Jumamosi kurekodi sauti ya mashine, ni watu wa kawaida tu, kwa hiyo usijisumbue, Shangazi.

Hapo ndipo mtoto wa watu alipokosea. Katika lugha yetu hii hajawahi kuambiwa mtu usijisumbue akakaa chini. Mgeni akisema usijisumbue, kuku anaanza kukimbia.

Shangazi aliitikia sawa, mwanangu, na uso wake haukuonyesha kitu. Ijumaa akamtuma kupeleka unga kwenye shule ya bweni, safari ya kutwa nzima. Aliporudi alikuta kufuli mlangoni, akaambiwa aende akaoge, alale, kesho ana wageni.

Asubuhi prodyuza alikuja na kijigari kilichojaa nyaya. Ng'ambo ya barabara Jenerali alikuwa amesimama na koti lake na miwani ya jua, akipita tu, alisema, ingawa alikuwa hapiti. Shangazi alifungua mlango akiwa amevaa gauni la harusi za watu. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka inateleza, na juu ya mdomo wa mashine kulikuwa na ua la plastiki. Wateja wawili wa mapema walikuwa benchini na mabeseni yao, wamekaa kwa adabu kama wako kwa daktari. Na kando ya mota, mikono nyuma, alisimama Fundi.

Pumba alimtazama Fundi, akautazama mkanda. Ulikuwa mweusi, mpya, hauna kiungo hata kimoja. Shangazi akabonyeza swichi. Mashine ikaunguruma laini, mfululizo, kama paka aliyeshiba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mgeni alikuwa ameponya mashine.

Fundi alitabasamu na kueleza kwamba sasa hata mtoto anaweza kulala kando yake. Prodyuza alikuwa amevaa vile vifaa vya masikioni. Alivivua taratibu na kuvishika mkononi. Pumba akaambiwa achane. Akachana. Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda, wa tatu ukaingia shimoni. Alirudia. Alifumba macho, akapiga mguu chini, akaikumbuka ile ka kwa nguvu zote, lakini mngurumo ule laini uliifuta kila alipoishika. Walijaribu kukichukua kile kipande cha simu wakitumie, kikasikika kama mtu anayekaanga kitu ndani ya pipa. Jenerali alikuwa ameshavuka barabara na kuegemea mlango. Alikohoa, kama mtu anayesafisha koo kwa ajili ya kazi.

Shangazi aliuliza mbona hachani. Pumba akasema koo. Akaletewa maji ya moto. Prodyuza akafungua mdomo ili aeleze, Pumba akamkanyaga mguu. Alikuwa anaona aibu, na chini ya aibu anaona uchungu, kwa sababu sasa alikuwa ameelewa kilichofanyika jana. Mwanamke aliyeapa kwamba Fundi hatatia mguu pale mpaka siku ya kiyama alikuwa ameenda mwenyewe kwake, amebisha hodi, ameomba. Ameomba kwa ajili yake yeye, ili wageni wasije wakamcheka kwa mashine kiwete.

Prodyuza alitazama saa, kisha akamtazama Jenerali. Jenerali akavua miwani.

Pumba aliinama mpaka kwenye sikio la shangazi yake, na kwa mara ya kwanza tangu apate meno, akanong'ona.

"Shangazi, mashine imepona. Mimi ndiye nimeugua. Ile ka uliyoifunga wewe ndiyo niliyokuwa nasimama juu yake."

 Shangazi alimtazama, akaitazama mashine, akalitazama lile ua la plastiki kwa muda mrefu kidogo. Mkono wake ukaenda kwenye swichi, na chumba kikawa kimya. Halafu akageuka.

"Fundi," alisema. "Iharibu."

Fundi alijishika kifua. Alisema kwa heshima, lakini kwa uchungu wa kweli, "Mama, mimi sijawahi kuombwa niharibu kitu."

"Najua," Shangazi akasema. "Nyumba yetu uliiharibu bila kuombwa."

Wale wateja wawili walikagua mahindi yao, punje kwa punje. Fundi alitoka nje, na Pumba akadhani ndiyo basi. Lakini alirudi na mkanda wa zamani, alioufungia mzigo nyuma ya baiskeli yake. Lile bati la kopo alikuwa amelitupa jana kwa dharau. Akainama kulitafuta kwenye takataka, akalipata. Akauvua mkanda mpya, akavisha ule wa zamani, akaunga. Wakawasha. Ukazunguka vizuri tu, ka haipo. Mikono ya yule mzee ilikuwa imekataa; haikujua kufunga vibaya.

Shangazi alimpokonya spana. Alipiga goti kwenye sakafu iliyosuguliwa, na gauni lilelile la harusi za watu, akalikunja bati kama alivyolikunja siku ile, kwa hasira ileile, akakaza bolti moja mpaka mwisho na ya pili akaiacha nusu. Akainuka, akamimina beseni la mteja wa kwanza mdomoni mwa mashine, ua la plastiki likaanguka, akabonyeza.

Du-du-du-ka. Du-du-du… ka.

Prodyuza akavaa vifaa vyake vya masikioni haraka hata akasahau kutoa ishara. Haikuhitajika. Pumba alikuwa ameshaingia.

"Nimetoka na unga usoni, si poda ya kwenda ngoma,
Nyinyi mnaimba bahari, hapa hata mto umegoma,
Shangazi kafunga bolti, mashine ikashikwa homa,
Inachechemea inasonga, na foleni haijakoma."

Alichana mpaka beseni la pili likaisha, bila kurudia. Unga ulimjaa kwenye kope. Jenerali alivaa miwani yake, akaenda zake, na watu wanasema njiani kichwa chake kilikuwa kinaitikia, ingawa mwenyewe mpaka leo anakana.

Wimbo ukatoka, ukapigwa redioni, na vijana wa miji mingine wakaanza kuandika kuulizia biti ile inauzwa wapi. Pale mjini, makoti mazito yalipungua kidogo. Rapa mmoja alianza kuchana kuhusu karakana ya baba yake, na mwingine kuhusu daraja lililoondoka na mvua. Mcheza kwao hutunzwa, ingawa Pumba alitunzwa zaidi mahindi kuliko sifa. Shangazi aliusikiliza wimbo mara moja, mpaka mwisho, mikono kiunoni. Alisema bolti zinasikika vizuri sana, ila huyo anayezipigia kelele angesogea kidogo.

Mkanda mpya ulitundikwa ukutani kwenye msumari. Fundi hawezi kuuona ukining'inia bure bila kuumwa, kwa hiyo kila Jumamosi huja kuulizia lini atauvisha. Shangazi humjibu kwamba hauvishwi mpaka mtoto amalize wimbo wa pili, asije akaharibiwa tena kazi. Kwa kuwa mtu hawezi kufukuzwa akiwa na kiu, humpa chai. Mwanzoni aliinywa amesimama mlangoni. Siku hizi anakaa benchini, wanabishana kuhusu mafuta ya mota, na juzi shangazi alicheka, Pumba akamsikia juu ya kelele za mashine.

Jumamosi iliyopita Fundi aliuliza tena, akipuliza chai yake, kama ule wimbo wa pili umefika wapi.

"Bado kidogo, Mjomba," Pumba alipaza sauti.

Wimbo wa pili ulikuwa umekamilika tangu mwezi wa kwanza, mistari yote kichwani mwake, hakuna hata mmoja uliopungua. Akamsogezea Fundi sahani ya sukari, akaenda kumimina mahindi.