Nukta Moja ya Nyakakika

Katika kata nzima ya Kibingo hakukuwa na mtu wa kupogoa migomba kama Adelgunda, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri mno. Wanaume waliojiita mafundi waliacha majani makavu yakining'inia ovyo. Yeye alipopita na muhoro wake, kile kisu chenye ncha iliyopinda, kibanja, yaani shamba la migomba, kilibaki kinapitisha mwanga na kila mkungu ulionekana. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, Mlutheri wa benchi la mbele, mwenye ulimi usio na breki. Ukimkuta shambani alikusalimia, kisha akakwambia ulipokosea kupanda.

Kwao ni desturi kwamba siku ya nne baada ya maziko, ndugu na majirani huingia kwenye kibanja cha mfiwa wakakisafisha, maana aliye na huzuni hashiki chuma. Kila mtu huja na muhoro wake. Mabwana shamba walikuwa wamepita kuhimiza watu wapitishe visu kwenye moto kabla ya kuhamia shamba jingine, kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko, na watu waliwasikiliza kwa adabu zote. Lakini nani achome chuma mbele ya nyumba ya msiba? Wenyeji watadhani unawaambia kuwa kifo chao kinaambukiza. Hakuna aliyethubutu, na Adelgunda, mjuzi wa wajuzi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka wazo hilo.

Miaka mitatu iliyopita alifariki Rwegasira, mume wa mdogo wake Joanitha, huko Nyakakika, wilaya jirani ya Karagwe. Adelgunda alisafiri kwenda kumsafishia mdogo wake kibanja, na alikisafisha kweli kweli. Miezi miwili haikuisha, migomba ikaanza kuwa njano. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, ukizimenya unakuta zimeoza ndani, na shina likikatwa linatoka usaha. Kijiji kizima, kibanja kilichougua kilikuwa hicho kimoja tu.

Sasa, wakati wa matanga, Ambrose, mdogo wa marehemu, alikuwa amesikika akisema kwamba nusu ya kibanja kile ilikuwa yake tangu enzi za baba yao. Ilikuwa aibu kusema hivyo kaburi likiwa bado bichi, na kila mtu alilikumbuka neno lile migomba ilipoanza kufa. Aliyemshutumu hadharani ni Adelgunda. Alisimama mbele ya ukoo akamnyooshea kidole Ambrose, akasema huyu ametia kitu cha kichawi kwenye kibanja. Kabla ya wiki kwisha mibuni ya Ambrose ilikuwa imekatwa yote, mkewe amerudi kwao, na yeye mwenyewe yuko Murongo, mpakani, akibebea wafanyabiashara magunia. Hakujitetea hata kidogo, na watu wakasema asiyejitetea amekiri.

Baadaye mnyauko ukaingia Kibingo pia, nyumba moja baada ya nyingine, ukamaliza na kibanja cha Adelgunda. Watu walisema hasira za Ambrose zimevuka mpaka wa wilaya. Adelgunda akaanza kununua unga wa mahindi dukani, akiuficha chini ya kanga kama mwizi, maana kwao mwenye kibanja kula ugali ni aibu.

Ndipo akaja Methodius, mtafiti mpole aliyekuwa akizunguka Kibingo kuhesabu migomba iliyokufa. Alimwomba waende pamoja Mbarara, ng'ambo ya mpaka, kwenye mkutano wa kanda wa wanasayansi. Walikuwa wanazungumzia namna ya kuumba upya viumbe kwa kubadilisha maumbile yao kutoka ndani, na walitaka mkulima mmoja awaeleze hasara ilivyo. Adelgunda alikubali kwa sababu moja tu, kumwombea Joanitha miche isiyougua. Walipovuka Murongo alimwona Ambrose ameinama chini ya gunia la maharage, akageuza uso upande wa pili.

Nje ya ukumbi, wafagiaji walizungumza Kinyankole, na Adelgunda alikielewa karibu chote, maana hakiko mbali na Kinyambo chake. Ndani ilikuwa Kiingereza tupu, kwa hiyo Methodius alikaa kando yake akimtafsiria kwa sauti ya chini. Mwanamke mmoja alionyesha picha ya mgomba uliotiwa kinasaba cha pilipili hoho ili ushinde mnyauko. Mwingine alisema wao wanaviandika vinasaba vipya kabisa kwenye kompyuta, kisha wanavitengeneza na kuvitia ndani ya mmea. Adelgunda alipendezwa, akasema hawa ndio mafundi, siyo wale wa kwetu. Zamu yake ilipofika alisimulia hasara yake, akauliza miche itatoka lini. Alijibiwa kuwa kuna majaribio, kuna sheria za nchi, labda miaka saba, labda kumi. Alikaa chini akiwa na hasira, maana hakwenda huko kuambiwa labda.

Baada yake akasimama kijana mwenye ramani. Kila kibanja kilichougua kilikuwa nukta nyekundu yenye tarehe. Alisema nukta za Kibingo zinaeleweka, ugonjwa unafuata misiba, kwa sababu visu vinatoka shamba hadi shamba na utomvu wake, na mgomba unaweza kuonekana mzima kumbe umeshaambukizwa. Halafu akaonyesha nukta moja iliyokaa peke yake, mbali, Nyakakika. Hiyo, alisema, ilikuwa imewashinda. Ugonjwa uliruka vipi umbali wote ule?

Adelgunda aliitazama tarehe, akahesabu kurudi nyuma hadi maziko ya Rwegasira. Siku moja kabla ya kwenda kwa Joanitha alikuwa amepogoa kwa mzee mmoja wa kanisa aliyefiwa hapo hapo Kibingo, na muhoro aliufunga kwenye kanga vile vile, na utomvu wake, akapanda bodaboda. Angeweza kunyamaza. Hakuna binadamu mwingine aliyejua. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini akasimama, akamwambia Methodius atafsiri neno kwa neno, akaeleza yote kuhusu muhoro na kanga.

Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Kijana wa ramani alimshukuru sana, akaandika, kisha wakatangaza chakula. Adelgunda hakula. Wale watu walikuwa wamepata jibu lao na walifurahi, na hakuna aliyeuliza kama kuna mtu aliyelipa kwa nukta ile.

Siku ya kurudi aliteremka Murongo, akamwambia Methodius atangulie. Alimkuta Ambrose ameketi juu ya gunia akisubiri lori. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Shikamoo, shemeji," alisema Ambrose, akainuka haraka.

Adelgunda alishindwa kuitikia. Alimweleza akiwa amesimama, bila kupamba, mambo ya muhoro, ya ramani, na kwamba ni yeye aliyeiua migomba ya Joanitha kisha akamnyooshea kidole mwenzake. Alisema atarudi Nyakakika kuyasema hayo hayo mbele ya ukoo wote. Akangoja atukanwe, na alitamani atukanwe.

"Kwa hiyo ni ugonjwa tu," alisema Ambrose.

"Ni ugonjwa. Wewe hukutia kitu."

"Najua sikutia kitu. Lakini siku ile ya matanga niliitazama migomba ya kaka yangu, nikasema moyoni, heri ikauke yote tukose sote. Ikakauka. Nikajua ni moyo wangu ulioiua, ndiyo maana sikujitetea."

Ambrose alikaa tena kwenye gunia. Alisema kwamba mama yake alipofariki mwaka juzi, dereva mmoja alimletea habari mapema, na nauli alikuwa nayo. Hakwenda. Aliogopa kuupeleka ule moyo wake kwenye kaburi la mama. Alimtazama Adelgunda sasa kama mtu anayetaka kuambiwa hapana.

"Basi mama yangu amezikwa bila mimi kwa sababu ya kisu chako?"

"Ndiyo," alisema Adelgunda.