Ini la Chembe

Kwa akina Méschac mgonjwa hakatishwi tamaa. Hata akiwa wa kufa kesho, anaambiwa atapona. Adabu hiyo Méschac alivuka nayo ziwa kutoka Pweto, Kongo, mpaka kambi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, na huku ndiko ilikomponza.

Kazi yake watu waliicheka mpaka wakachoka. Wenzake wanalima mihogo, yeye anashinda mbele ya kompyuta ya umeme wa jua, eti anatengeneza ini! Walimu wake wa zamani wa Lubumbashi ndio waliompa kazi hiyo, ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kupasua bila kumuumiza mtu. Ini lenyewe lilikuwa maelfu ya chembe kwenye kioo. Kila chembe iliwajua majirani zake tu: ukiivuta, inawavuta, ukizidisha, zinaachana, na nyama inachanika.

Mama yake, Mama Mwamba, alipenda kulitazama likinesanesa. Ini lake mwenyewe lilikuwa limeanza kuuma, na macho yakageuka manjano. Siku moja akauliza kama hilo anaweza kutiwa yeye.

"Ndiyo, mama," Méschac akamjibu. "Iko karibu kuisha kutengenezwa."

Alitaka tu acheke, na kweli mama alicheka. Lakini zahanati ilipomtuma hospitali ya Mansa, mama hakumwambia mwanawe, wala hakwenda. Aende kuhangaika Mansa kwa nini, na mtoto wake anamtengenezea jipya? Méschac alikuja kujua tumbo lilipokwisha kujaa maji, na daktari akasema wamechelewa. Alilia nyuma ya nyumba, akijichukia.

Alasiri moja mama aliomba aitiwe Pierrette, jirani aliyekuwa akimwogesha. Macho ya Pierrette nayo yalikuwa yameanza kugeuka manjano.

"Ile maini mupatie Pierrette," mama alimwambia mwanawe. "Mi nilishazeeka. Yeye iko na batoto."

Pierrette alimtazama Méschac, uso umejaa matumaini. Zahanati ilikuwa imemtuma Mansa yeye pia, na alikuwa bado hajaenda.

Méschac alitamani mama awe amelala. Hakuwa amelala; alikuwa akimtazama.

"Enda ku Mansa, yaya," alimwambia Pierrette, kama anavyoitwa dada mkubwa kwao. "Enda kesho. Hii maini ya mu ordinateur haiingie mu mwili ya mutu. Hata siku moja."

Pierrette aliondoka asubuhi kwa basi dogo la kwanza. Mama Mwamba aliishi mpaka Jumapili, na katika siku hizo zote hakumuuliza tena mwanawe habari za lile ini.