Kabini ya Mlango Mpana

Mama Pasi alipokasirika, hata birika la jikoni lilisita kuchemka, likingoja kwanza amalize yeye. Jina hilo lilitokana na kazi yake. Tangu ujana alifua na kunyoosha nguo za watu, na pasi yake ya kwanza, ile ya mkaa, ilikuwa nzito kiasi kwamba siku moja aliisahau juu ya meza, akarudi akakuta miguu ya meza imezama sakafuni. Wanaobisha waende wakaing'oe.

Jumamosi hiyo alikuwa ananyoosha shati jeupe la mwalimu mmoja, na wanawe wamejazana sebuleni wanapanga safari. Walikuwa wamejichanga kuwapeleka wazazi na wajukuu kwenye meli ya matembezi, zile meli ndefu kama mtaa, ambazo ukimwita mtu aliye mbele, sauti yako inamfikia kesho yake. Baba yao alikuwa seremala. Maisha yake yote aliwatengenezea watu milango, na bahari aliiona kwenye kalenda tu. Kisha kiharusi kikaja, kikamnyang'anya mguu wa kulia, mkono wa kulia na maneno yote. Sasa alikaa kwenye kiti chenye magurudumu, karibu na meza ya mbao.

"Mama, wewe tumekuweka juu, kwenye roshani," alisema mtoto wa kwanza. Walimwita Bosi tangu shuleni, maana hata mfuko wake wa madaftari alibebewa na wenzake. "Utalala na wajukuu. Mtaangalia maji mpaka mchoke."

"Na baba yenu?"

"Baba yuko chini, mlango kwa mlango na zahanati ya meli. Ana nesi wake. Akibanwa na chochote, daktari huyo hapo."

"Chini wapi?"

"Chini tu, Mama. Chumba cha ndani. Hakina dirisha, lakini si muda mwingi atakuwa amelala?"

Pasi ilisimama juu ya kola ya mwalimu.

"Umempangia baba yako stoo."

"Mama, tusianze."

"Nimeshaanza! Huyu ni begi, la kusukumia chini? Na mimi umeniweka juu niwe yaya wa watoto wako, unaniambia roshani, roshani!"

Mke wa Bosi, mwanamke mpole aliyezoea kutumwa kwenye moto ambao hakuuwasha, akaingilia. "Samahani, Mama. Ni meli yenyewe ndiyo imetaka hivyo. Ukiwaambia mgonjwa anapandwa na fadhaa, wanasema lazima alale na nesi."

"Fadhaa gani?"

 Kitindamimba, binti aliyekuwa bado anaishi hapo nyumbani, alitazama vidole vya miguu yake. "Ile ya kugongagonga, Mama. Kaka alimwambia wakala kwamba Baba anagonga meza mchana na usiku."

"Mlimwambia mtu baki kwamba baba yenu ni mwehu?"

"Sikusema mwehu," Bosi alijitetea. "Nilisema anagonga."

Wakati huohuo mzee, kwa mkono wake wa kushoto uliobaki mzima, akaigonga meza mara mbili. Ko, ko.

"Si unaona? Ndiyo hiyo sasa," Bosi akasema, akimnyooshea kidole.

Harufu ya kuungua ikapanda. Mama Pasi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, hata siku za uchungu wa uzazi, maana inasemekana Bosi mwenyewe alizaliwa kati ya suruali mbili na pasi haikupoa. Leo kola ya mwalimu iligeuka rangi ya chai, na yeye hata hakuitazama. Alimwendea mumewe, akamshika makwapani, akamvuta juu.

"Ameteleza kwenye kiti!" alifoka. "Mbili ni niinueni. Moja ni maji. Tatu ni upo? Akigonga tatu namjibu tatu, ukutani, kwenye sufuria, popote nilipo, ajue nipo. Mwaka mzima mnakuja hapa mnakula, baba yenu anawaomba mumwinue, na nyinyi mnaongeza sauti ya televisheni!"

Alimkalisha mzee sawasawa, akawageukia wanawe. 

"Nipigieni huyo wakala. Na muweke sauti wazi, tusikie wote."

Wakala alikuwa dada mwenye sauti ya upole. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwanangu, nina mume wangu hapa, ana akili zake zote kuwashinda aliowazaa. Nataka chumba kimoja, mimi na yeye. Kipo?"

"Kabini ya aina hiyo ipo, Mama. Ya watu wawili, mlango mpana, choo kina vyuma vya kushikilia, kiti cha magurudumu kinapita mpaka roshani. Ila ni moja tu, na imeshachukuliwa."

"Imechukuliwa na mlemavu mwingine, nisimfukuze?"

"Hapana…" Dada alikohoa kidogo. "Imechukuliwa na nyinyi wenyewe. Ni yule mwanao mkubwa na mkewe."

Vichwa vyote vilimgeukia Bosi. Mkewe naye alimgeukia, maana hata yeye hakuwa ameambiwa sababu ya upana ule.

"Choo chake kikubwa, Mama," Bosi alinong'ona. "Na mgongo unanisumbua."

"Mgongo!" Majirani wa mtaa wa pili walifunga madirisha wakidhani ni radi. "Mgongo uliobebwa na mimi, na baadaye ukabebwa na milango ya huyu hapa! Alilala kwenye maranda wewe uende shule! Leo mlango mpana unapita wewe, unayepita popote, na yeye unamfungia gizani?"

"Mama," sauti ya simu iliingia polepole, "naweza kubadilisha sasa hivi. Hilo la fadhaa, daktari wake anipigie alieleze vizuri. Lakini mzee mwenyewe anataka nini? Maana tangu tuanze hakuna aliyeniambia."

"Mzee anataka—"

Mama Pasi akakwama. Naye hakuwa amemuuliza. Tangu asubuhi alimgombania kama mali yake iliyoibiwa, na kinywa alichokuwa anakitumia kilikuwa chake mwenyewe. Hasira ilizunguka chumba kizima, ikarudi, ikamkalia kifuani. Alichuchumaa mbele ya kiti, magoti yakilia.

"Fundi," alimwita, kama alivyomwita tangu uchumba wao. "Ukikubali gonga. Hutaki, tulia. Safari unaitaka?"

Ko.

"Na roshani?"

Ko, hata kabla hajamaliza.

"Na ulale na nani? Ukinitaka mimi, gonga."

Mzee akatulia. Akatazama dari kama mtu anayekadiria fremu ya mlango. Simu ikauliza, "Mzee bado yupo?" Mke wa Bosi akajiziba mdomo. Upande wa kushoto wa midomo ya mzee ulianza kupanda.

"Wewe mzee! Nitakusukuma na kiti chako mpaka barabarani!"

Ko, ko, ko.

Mama Pasi aliujibu ubao wa meza kwa ngumi, tatu, mpaka vikombe vikaruka.

"Nimesikia," alisema wakala. "Nabadilisha."

Bosi akakohoa. "Na sisi tutalala wapi?"

"Chini, jirani na zahanati. Si mgongo unakuuma? Na wajukuu wangu huko juu watalala na shangazi yao, kama mwenyewe anataka. Mwulize, usimpangie. Na hili shati utampelekea mwalimu mwenyewe, umweleze kola imeunguaje."

Alirudi kwenye pasi akavuta nguo nyingine. Hasira ilikuwa haijapungua hata kijiko. Mzee akagonga mara moja. Bosi, aliyekuwa karibu, alimtazama mama yake.

"Amesema nini, Mama?"

"Muulize mwenyewe. Yuko mbele yako."

Bosi, aliyekwisha kusahau kwamba moja ni maji, alileta mto. Mzee akagonga. Alileta kitambaa. Mzee akagonga. Mwisho akaelekea jikoni, akarudi na bilauri ya maji, akaishika kwa mikono miwili mpaka mdomoni kwa baba yake. Mzee alinywa tone moja, akameza taratibu, kisha akagonga tena.

Hakuwa na kiu hata kidogo. Mama Pasi alimjua. Lakini hilo hakumwambia mtu.