Narendra na Nafasi ya Mwenyekiti

Kwa miaka thelathini na minne Narendra aliigiza mtu mmoja tu: Mhindi mwenye duka. Igizo liwe la malaria, la mirathi au la uchaguzi, yeye huingia katikati, hukivunja Kiswahili vipande vipande, watu hucheka, naye hutoka. Kisha anarudi dukani kwake Mtaa wa Sikukuu, anakouza vifungo, zipu na nyuzi, na kuzungumza Kiswahili cha Kariakoo kilichonyooka, kwa sababu hapo ndipo alipozaliwa yeye na baba yake.

Mimi nina miaka miwili tu katika kikundi chetu cha maigizo, na jambo hilo liliniudhi tangu siku ya kwanza. Tunapanda jukwaani kuwaambia watu wasibaguane, huku sisi wenyewe tumemfungia mwenzetu dukani! Narendra hakuwahi kulalamika. Mwaka huu, alipotimiza sitini na sita, ndipo aliposema mbele ya wote.

"Dada Maimuna, safari hii nipe Mwenyekiti wa Mtaa. Magoti haya hayana miaka mingi ya jukwaani."

Bi Maimuna ndiye kiongozi wetu. Hatuna maandishi. Yeye husimulia kisa na kugawa nafasi, maneno tunayatafuta wenyewe mbele ya watu. Mtazamaji akikupigia kelele, sharti umjibu kama yule unayemwigiza. Ukinyamaza, umekwisha.

"Kaka, watakucheka," Bi Maimuna alimjibu. "Wakikuona tu wanasubiri vituko vya dukani."

Nafasi akapewa Hamis, anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Jumapili ya onyesho, Mnazi Mmoja pamejaa, Hamis akapiga simu: kontena la mteja limekwama, haji. Bi Maimuna alitutazama mmoja mmoja, akaishia kwa Narendra.

"Haya, vaa kofia ya Mwenyekiti. Ukiharibu, ni mwenye duka mpaka ustaafu."

Narendra akaingia. Kicheko kililipuka kabla hajafungua mdomo. Mbeba mizigo mmoja kijana, amekaa mbele kabisa, akapaza sauti: "Mhindi, zipu bei gani leo?"

Watu wakashika mbavu. Narendra akasimama kimya, nami nikaona ameishiwa. Kumbe alikuwa anamtafuta yule kijana kwa macho.

"Wewe unakaa nyumba namba ngapi?"

"Mimi?"

"Wewe. Jumamosi ya usafi ulikuwa wapi? Wenzako wanazoa taka, wewe umejifungia. Mjumbe ananiambia una msiba. Msiba gani kila mwisho wa mwezi? Huo ukoo wenu umebaki na nani?"

Watu wakaangua kicheko tena, lakini safari hii hawakumcheka Narendra. Kijana akajishika kichwa.

"Nisamehe, Mwenyekiti. Mwezi ujao nipo."

"Amemwita Mwenyekiti!" Bi Maimuna alininong'oneza, huku akinifinya mkono mpaka nikaruka.

Toka hapo hakuna aliyemtafuta mwenye duka. Mama mmoja mwenye ushungi wa kijani alisimama katikati ya watazamaji, akamshtaki jirani anayemfungulia maji machafu mlangoni. Hayo hayakuwamo kabisa katika kisa chetu. Narendra alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza maji yanapita wapi na tangu lini, akaahidi kufika kukagua. Igizo likachelewa kwisha kwa nusu saa, na hakuna aliyeondoka.

"Igizo lijalo," Bi Maimuna alimwambia tukikunja mapazia, "utachagua nafasi mwenyewe."

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kwa Narendra kununua nyuzi za mavazi yetu. Yule mama akaingia.

"Mwenyekiti, uliahidi kuja."

"Mama yangu, mimi mwigizaji tu. Mwenyekiti wa kweli ana ofisi yake."

"Naijua. Nimeenda mara tatu naambiwa nirudi kesho. Wewe jana ulinisikiliza."

Narendra akamgeukia mkewe, Harshida, aliyekuwa akimpimia mteja utepe, kana kwamba anaomba kutetewa.

"Nenda," Harshida alisema bila kuinua macho. "Umekililia cheo hiki nyumbani miaka thelathini na minne. Sasa fanya kazi."

Narendra akachukua miwani yake, akamwambia mama atangulie kuonyesha njia.